Jioni ya Muziki wa Hawaii na Hula: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kusikiliza na Kutazama

Hula, uchezaji wa jadi wa visiwa vya Hawaii, haichezwi pasipo maneno. Ngoma inaweza kunyamaza na gitaa likawekwa kando, lakini shairi likikosekana kinachobaki ni viungo vinavyosogea tu, na Mhawaii aliyelelewa katika sanaa hiyo hatakubali kuiita hula. Mgeni anayefika Honolulu au Hilo kwa mara ya kwanza huwa ameshaandaliwa na sinema na mabango ya watalii atazame kiuno, ilhali wenyeji waliokaa meza ya pili wanasikiliza ubeti na kufuata mikono. Hatua zinazofuata zimekusudiwa kumsogeza msomaji hadi kwenye meza hiyo ya pili, na karibu zote zinarejea kwenye jambo hilohilo moja la maneno.

Hatua ya 1: Amua unataka jioni ya aina gani

Hula ina mikondo miwili mikubwa. Hula kahiko ni ile ya kale, ambayo mwalimu au waghani wake hughani shairi huku wakipiga ala za kugonga, bila chombo chochote cha nyuzi. Hula ʻauana ni ile iliyokua baada ya gitaa na ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne, kuingia visiwani, nayo huenda na uimbaji wa sauti laini, besi, na mara nyingine piano. Jioni nyingi za hotelini ni za ʻauana, na hakuna upungufu wowote katika hilo, ila anayetamani kahiko asitegemee kuikuta kwenye mgahawa wa ufukweni.

Karamu iitwayo lūʻau, ambayo ndiyo huuzwa sana kwa watalii, kwa kawaida hukusanya sanaa za Polinesia nzima katika jukwaa moja. Ukiona viuno vikitikiswa kwa kasi kubwa kufuata mlio wa ngoma za magogo, hiyo ni ngoma ya Tahiti. Ukiona kijana akizungusha kisu kinachowaka moto, huyo anacheza mchezo wa Samoa. Hata sketi ya nyasi haikuanzia Hawaii, bali ililetwa na vibarua kutoka Visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Lūʻau inaweza kuwa na burudani nzuri, lakini ukitaka hula yenyewe, itafute kwingine.

Kwa jioni tulivu ya ʻauana, Waikīkī, mtaa wa ufukweni wa Honolulu, bado ni mahali pazuri kuliko sifa yake ya kujaa watalii inavyodokeza. Katika hoteli ya Halekulani, ukumbi wa wazi uitwao House Without a Key huweka kikundi kidogo cha wanamuziki na mchezaji mmoja wakati jua linapozama, chini ya mti mkongwe wa kiawe. Msomaji wa Kenya atautambua mti huo mara moja, kwa kuwa ni wa jamii moja na mathenge uliowachosha wafugaji wa Baringo. Unalipia unachokula na kunywa, na mchezaji mara nyingi huwa ni mwanamke aliyewahi kuwa Miss Hawaii. Asiyetaka kulipa chochote ataweza kukaa kwenye nyasi za ufukwe wa Kūhiō, karibu na sanamu ya Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea na wa kuteleza juu ya mawimbi, ambako maonyesho ya hula hufanywa bila kiingilio katika siku maalumu za juma. Ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza hotelini siku hiyohiyo.

Kwa kahiko, panga safari yako kufuata matamasha. Tamasha la Prince Lot, linalofanyika kisiwani Oʻahu, kisiwa cha Honolulu, tangu 1978, halina mashindano, na kwa sababu hiyo huwa na utulivu ambao wengi huupenda. Kubwa kuliko yote ni Merrie Monarch la mjini Hilo, katika juma linaloanza Jumapili ya Pasaka. Jumatano usiku kuna onyesho lisilo na kiingilio. Alhamisi wanawake hushindana mmoja mmoja. Ijumaa ni usiku wa kahiko kwa vikundi, na Jumamosi ni ʻauana pamoja na kutangazwa kwa washindi.

Hatua ya 2: Shughulikia nafasi na saa mapema

Tiketi za usiku wa mashindano ya Hilo huombwa miezi kadhaa kabla, nazo huisha. Vyumba vya kulala vya mji huo mdogo huisha hata kabla ya tiketi. Chukua mwavuli, kwa kuwa Hilo ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi Marekani, na uwanja wa Edith Kanakaʻole, ingawa una paa, uko wazi pembeni.

Kwa jioni za ufukweni, kumbuka kwamba jua la Honolulu huzama kati ya karibu saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi na karibu saa moja na robo katikati ya mwaka. Fika saa nzima kabla ya hapo. Usichague kiti kilicho karibu na spika, hata kama kiko mbele. Chagua kile ambacho kutoka hapo unaweza kuona vidole na uso wa mchezaji bila kuinuka.

Hatua ya 3: Soma historia kidogo, kwa sababu utaikuta jukwaani

Mwaka 1830, malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa amepokea Ukristo wa wamisionari kutoka New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, alipiga marufuku hula hadharani. Sanaa ikajificha vijijini na katika familia za walimu. Aliyeirudisha mbele ya watu ni mfalme David Kalākaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891: katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883 hula ilichezwa katika viwanja vya kasri la ʻIolani, na wapinzani wake walikasirika kiasi kwamba aliyechapisha orodha ya nyimbo za siku hiyo alifikishwa mahakamani kwa shtaka la kuchapisha machafu. Tamasha la Hilo limepewa lakabu ya mfalme huyo, Merrie Monarch, yaani mfalme mchangamfu.

Miaka miwili baada ya kifo chake, Januari 1893, dada yake Liliʻuokalani, malkia na mtunzi mkubwa wa nyimbo, alipinduliwa kwa msaada wa wanajeshi wa Marekani. Mwaka 1896 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na Kihawaii kikaanza kufifia midomoni mwa watoto. Kwa vizazi kadhaa shairi la hula lilikuwa mojawapo ya nyumba chache ambamo lugha hiyo iliendelea kuishi, hadi mwamko wa miaka ya 1970 na katiba ya 1978 iliyoitambua kuwa lugha rasmi ya jimbo pamoja na Kiingereza. Ndiyo maana waamuzi wa mashindano hupima pia lugha, na ndiyo maana bibi mwenyeji anaweza kutokwa na machozi kwa wimbo ambao mgeni anauona kuwa ni wa furaha tupu.

Hatua ya 4: Tafuta maneno kabla ya kwenda

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na kwa maoni yangu inazidi uzito nyingine zote. Ukijua ni kikundi gani kitakachocheza, angalia kama programu yao imetangazwa. Maneno ya nyimbo nyingi, pamoja na tafsiri zake za Kiingereza, yanapatikana mtandaoni na katika vijitabu vinavyoambatana na rekodi. Kwa kila wimbo jibu maswali matatu: unamhusu nani, unahusu mahali gani, na umetaja mvua, upepo au ua gani.

Swali hilo la mwisho si la mapambo. Wahawaii wana majina ya mvua na pepo kwa mahali mahali: Tuahine ni mvua ya bonde la Mānoa, Kanilehua ni ya Hilo, na ʻApaʻapaʻa ni upepo wa Kohala. Ukisikia jina la mvua, umeshaambiwa uko wapi bila mji kutajwa. Zaidi ya hapo, mashairi mengi yana maana ya pili iliyofichwa, nao huiita kaona. Msikilizaji wa taarab aliyezoea kwamba ua linaloimbwa lina jina la mtu na mtaa wake hatapata shida yoyote hapa. Ua la lehua linaweza kuwa ua, linaweza kuwa mpenzi, na linaweza kuwa shujaa aliyeanguka vitani, kutegemea wimbo na aliyetungiwa.

Anayesema Kiswahili ana urahisi wake katika kuyasoma maneno hayo. Irabu tano za Kihawaii hutamkwa karibu sawa na zetu, na silabi zote huishia kwa irabu. Mstari mdogo juu ya irabu unaashiria kuivuta, na alama inayofanana na koma iliyogeuzwa inaashiria kukata sauti kooni kabla ya irabu inayofuata. Soma mashairi kwa sauti mara chache nyumbani na utashangaa ni maneno mangapi utakayoyadaka ukumbini.

Hatua ya 5: Zifahamu ala kwa sikio

Katika kahiko, chombo utakachokutana nacho zaidi ni ipu heke, yaani vibuyu viwili vilivyounganishwa, kikubwa chini na kidogo juu. Mghani hupiga magoti nyuma ya kitambaa kilichokunjwa, akaishika ala kwa mkono wa kushoto penye kiungo cha vibuyu hivyo, mara nyingi kwa kitanzi kilichopitishwa kwenye kifundo cha mkono. Anaigonga chini juu ya kitambaa, na mlio mzito wa mviringo unatoka. Kisha, ala ikiwa bado inapanda hewani, vidole vya mkono wa kulia vinachapa ubavu wake kwa mlio mkavu. Mpangilio wa milio hiyo miwili, mzito na mkavu, ndio unaojenga mapigo yote ya ala hiyo, na wachezaji huyatambua kwa majina. Sikiliza kwanza ule mlio mzito peke yake kwa ubeti mzima, kisha ongeza mkavu. Ukishavitenganisha, utaanza kuona kwamba nyayo za wachezaji zimefungwa humo.

Pahu ni ngoma ndefu iliyochongwa kutoka kwenye gogo la mnazi au mshelisheli na kuwambwa ngozi ya papa. Ikisikika, jua kwamba shairi ni zito, mara nyingi lenye asili ya hekalu au la kumtukuza chifu, na si wakati wa kunong'ona na jirani. Pamoja nayo mpigaji anaweza kuwa na pūniu, kigoma kidogo cha kifuu cha nazi kinachofungwa pajani. Ala nyingine hushikwa na wachezaji wenyewe: ʻuliʻuli ni manyanga yenye taji la manyoya ya ndege, pūʻili ni mianzi iliyochanwa inayochakarisha inapogongwa, na ʻiliʻili ni kokoto laini za volkano, mbili kwa kila mkono, zinazogonganishwa kwa vidole. Kokoto hizo zina mlio mdogo sana, na ukumbi unaopiga kelele huupoteza kabisa.

Upande wa ʻauana kuna vyombo vitatu vya kutofautisha. Ukulele ni mtoto wa kigitaa cha Madeira, kisiwa cha Ureno, kilichoingia Honolulu mwaka 1879 pamoja na vibarua wa mashamba ya miwa waliofika kwa meli ya Ravenscrag. Mafundi seremala waliokuwa humo ndio walioanza kukiunda upya kwa mbao za mti wa koa. Kazi yake kubwa katika hula ni kushika mwendo. Gitaa la kulegeza nyuzi, kī hōʻalu, lina chanzo cha aina yake: Kamehameha III aliwaalika wachungaji wa Kimeksiko kutoka California katika miaka ya 1830 wawafundishe wenyeji kudhibiti ng'ombe waliokuwa wamegeuka wa mwituni, na magitaa yao yakabaki. Wahawaii wakalegeza nyuzi hadi gitaa likipigwa bila kubanwa popote litoe sauti zinazopatana, kidole gumba kikashika besi na vingine vikaimba. La tatu ni gitaa linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Uvumbuzi wake huhusishwa na Joseph Kekuku, kijana wa Lāʻie, mwishoni mwa karne ya 19. Mlio wake unaovutika umesafiri mbali, ukaingia hadi kwenye muziki wa kantri wa Marekani, na watu wengi wameusikia maisha yao yote bila kujua ulikotoka.

Sikiliza pia sauti za waimbaji. Mwimbaji mwanamume anapopanda kwenye sauti nyembamba, Wahawaii hawafichi pale sauti inapovunjika kati ya kifua na kichwa, bali huupamba mvunjiko huo na kuufanya kuwa alama ya ufundi.

Hatua ya 6: Fuata wimbo ubeti kwa ubeti

Kabla ya kahiko kuanza, mwalimu, yaani kumu hula, huita "hoʻomākaukau", amri ya kujitayarisha, na wachezaji hujibu kwa kutamka mstari wa kwanza wa shairi. Huo ndio wakati wako wa kulinganisha na maandishi uliyosoma. Katika mashindano, kikundi huingia kwa shairi fupi la kuingilia na hutoka kwa lingine la kutokea, kwa hiyo usiyahesabu hayo kuwa hula kuu. Mwishoni mwa shairi la sifa utasikia tamko "he inoa no", likifuatwa na jina: hilo ndilo jina la aliyetungiwa. Hata kama hukuelewa neno jingine lolote, hilo lidake.

Katika ʻauana mambo huenda kwa utaratibu unaotabirika. Beti ni fupi, na mara nyingi kila ubeti huimbwa mara mbili, mchezaji akielekea upande mmoja kwanza na wa pili baadaye, ili asiyeona vizuri mara ya kwanza apate nafasi nyingine. Kati ya ubeti na ubeti vyombo hupiga kipande kifupi cha kujirudia, na hapo ndipo mtu huita maneno ya kwanza ya ubeti unaofuata ili wote wakumbuke. Usidhani ni shangwe. Ukisikia neno "haʻina" mwanzoni mwa ubeti, wimbo unakaribia kuisha, kwa kuwa fomula hiyo ya kale hutangaza kwamba kisa kimesimuliwa. Weka glasi mezani na utazame, maana wachezaji wazuri hulihifadhi jambo fulani kwa ajili ya ubeti huo.

Hatua ya 7: Tazama mikono, kisha uso, na miguu mwisho

Mikono ndiyo inayosema. Viganja vinavyoshuka huku vidole vikichezacheza ni mvua. Vidole vilivyokusanywa kwa ncha na kuelekezwa juu ni ua. Mkono unaopita mbele kwa mawimbi ya kiganja ni bahari. Hata hivyo ishara hizi si kamusi isiyobadilika, kwani kila kumu hula ana uamuzi wake. Kigezo kizuri cha kumpima mchezaji ni macho: kama ameashiria mlima, je, ameutazama? Asiye na maneno kichwani huitazama hadhira wakati wote, akitabasamu.

Kwenye miguu, jifunze mambo machache tu. Kāholo ni hatua ya kwenda pembeni na kurudi, ʻuehe ni kuinua visigino huku magoti yakisukumwa nje, na ʻami ni mzunguko wa nyonga. Magoti hubaki yamekunjwa muda wote. Katika mtindo wa ʻaihaʻa, ambao familia ya Kanakaʻole ya Hilo imeutunza kwa ajili ya mashairi ya Pele, mungu wa volkano, mchezaji hushuka chini sana na kukaa huko kwa nguvu, na paja linalotetemeka haliwezi kufichwa. Edith Kanakaʻole, ambaye uwanja wa tamasha umepewa jina lake, aliwekwa kwenye sarafu ya senti 25 ya Marekani mwaka 2023.

Angalia pia mashada. Lehua nyekundu huashiria kisiwa cha Hawaii, lokelani ya waridi ni ya Maui, ʻilima ya rangi ya dhahabu ni ya Oʻahu, na kome weupe ni wa Niʻihau. Mara nyingi shada la mchezaji limechaguliwa kwa mujibu wa mahali panapotajwa katika wimbo.

Hatua ya 8: Zingatia adabu za ukumbi

Usiingie wala kutoka wakati hula inaendelea. Usiwashe mwanga wa kamera, na mbele ya kahiko omba ruhusa kabla ya kurekodi. Vaa nguo nyepesi na nadhifu, shati la maua likiwa limekubalika hata kwenye hafla kubwa, lakini usivae sketi ya nyasi ya plastiki kwa mzaha. Ukivishwa shada, lipokee, liache lining'inie sawa mbele na nyuma, na usilivue mbele ya aliyekupa. Wenyeji humvisha mjamzito shada lililo wazi, lisilofungwa mduara. Likishanyauka, kata uzi na uyarudishe maua ardhini au chini ya mti; kulitupa kwenye pipa la taka huonekana kuwa ni dharau.

Ukitaka wimbo urudiwe, sema "hana hou". Ukisikia wimbo wa taifa wa zamani wa ufalme, ambao maneno yake ni ya Kalākaua mwenyewe na ambao leo ni wimbo wa jimbo, simama. Na hafla nyingi zikifikia mwisho watu wote husimama wakashikana mikono kuimba pamoja. Mpe mkono aliye kando yako hata kama hujui neno moja.

Hatua ya 9: Uliza kuhusu chakula

Hili ni fupi lakini linawahusu wasomaji wengi: kālua inayotolewa kwenye karamu ni nguruwe aliyeokwa shimoni kwa mawe ya moto, na laulau, fungu lililofungwa kwa majani ya majimbi, kwa kawaida huwa na nguruwe pia. Poi, uji mzito wa majimbi yaliyopondwa, ni salama kwa kila mtu, kadhalika haupia, ambayo ni tui la nazi lililogandishwa kwa wanga. Toa taarifa wakati wa kununua tiketi na si ukiwa tayari umeshika sahani.

Hatua ya 10: Ukiwa mbali, tazama matangazo

Mashindano ya Hilo hurushwa moja kwa moja kwa televisheni na mtandaoni. Hawaii haibadilishi saa zake katika mwaka, na iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 13. Kipindi kikianza saa kumi na mbili jioni huko, Nairobi na Dar es Salaam ni saa moja asubuhi ya siku inayofuata, na Muscat ni saa mbili. Usiku wa kahiko wa Ijumaa, basi, ni asubuhi ya Jumamosi kwenu. Ukiweza kutazama kipindi kimoja tu, chagua hicho, ukiwa na spika nzuri kuliko ya simu, kwa sababu mlio mzito wa ipu heke na pahu haupiti kwenye kispika kidogo, na bila huo hutaelewa ni kwa nini wachezaji wameshuka pale waliposhuka.